Chumvi Mara Mbili

"Onja mwenyewe basi," Ngongoti akasema.

"Sionji. Nimeshaonja, nimetema."

"Sasa unanikodolea macho mimi kwa nini? Chumvi siigusi. Kazi yangu moto."

"Moto hautii chumvi, ndugu yangu. Mtu ndiye anatia."

"Haya, mtafute huyo mtu."

Ngongoti alichukua mkate kwenye kreti, akaumega, akamsogezea baba mdogo mpaka puani. Kreti nzima ilikuwa imerudishwa na mwenye mgahawa wa ng'ambo ya barabara, tena kwa maneno machafu. Ngongoti ndiye aliyechoma mikate. Alikuwa mrefu mpaka akiingia chumba cha tanuri lazima ainame, jina lake la utani lilitoka hapo. Baba mdogo ndiye aliyesimamia kiwanda hicho cha mikate, vyumba viwili tu na ua nyuma ya duka. Lakini mwenye kiwanda hasa ni baba yake, ambaye pale walimwita babu. Ndiye aliyekianzisha, na mpaka siku hiyo ndiye aliyekuwa akipima na kuchanganya. Hakuna aliyewahi kuutilia shaka mkono wa babu. Kwa hiyo lawama yote ikamwangukia Ngongoti.

Mwisho wa meza, msichana wa miaka kumi na miwili alikuwa anapaka mafuta vibati vya kuokea. Huyu ni mjukuu wa babu, mtoto wa kaka yake baba mdogo. Walimwita Kiherehere kwa sababu kukaa kimya kulimshinda. Leo alikuwa kimya. Kibati kilekile alikuwa anakirudia kukipaka.

"Kikombe cha chumvi jana kilifudikizwa, nilikiona kwa macho yangu," baba mdogo akasema. "Mzee katia mara moja, kafudikiza. Baada ya hapo nani alipita hapa kama si wewe?"

Pale kiwandani kulikuwa na vikombe vitatu: cha hamira, cha sukari na cha chumvi. Ukishamimina, unakifudikiza kikombe juu ya meza, mdomo chini. Kikiwa wima, ujue bado. Babu aliuanzisha utaratibu huo zamani, kwa sababu mtu akiitwa mlangoni katikati ya kazi, akirudi hajui alipoishia. Wote pale waliviamini vikombe kuliko macho yao.

Shida ni kwamba tangu likizo ianze, vikombe alikuwa anavifudikiza Kiherehere.

Babu alikuwa anamimina, halafu anasimama tu, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Majina ya wateja wa zamani alikuwa nayo yote. Visa vya ujana wake alivisimulia bila kuruka hata kimoja. Lakini ukimwambia anza na hiki, kisha kile, kichwa kilivurugika. Siku moja alimshika mjukuu wake mkono.

"Mchumba, usiwaambie hao. Wataniweka kwenye kiti sebuleni kama begi la mgeni."

Kiherehere akaahidi. Kuanzia hapo akawa anasimama ubavuni mwa babu. Babu akimimina, yeye anafudikiza.

Jana alitumwa maji. Aliporudi alimkuta babu ameshika kopo la chumvi, na kikombe kimesimama wima, kitupu. Babu alikuwa ametia mara ngapi? Hakujua. Hakuuliza pia. Alikifudikiza tu, akaenda zake.

"Kusanya vitu vyako," baba mdogo alimwambia Ngongoti.

"Vitu gani? Nina shati na kofia." Ngongoti akaanza kufungua aproni. "Na nyumbani nikawaambie nini?"

Babu alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, anamwangalia huyu, anamwangalia yule. Alikuwa anasubiri kusikia nani kaharibu mikate. Hapo ndipo Kiherehere aliposhindwa. Kama babu angekuwa anadanganya, labda naye angevumilia. Lakini babu hakuwa anadanganya. Hakuwa anajua.

"Ni babu," akasema. "Na kikombe nilikifudikiza mimi. Kila siku nakifudikiza mimi."

Akaeleza yote. Baba mdogo akajikuta amekaa juu ya kreti ya mikate.

"Mchumba," babu akasema, "si uliniahidi?" Halafu akaanza kulia. Babu huyu hata msibani hakuwahi kulia mbele ya watu.

"Umeyaona yote haya, ukanyamaza?" Baba mdogo alikuwa anamfokea mtoto, lakini sauti yenyewe haikuwa na nguvu.

"Mwache mtoto," Ngongoti akasema. "Hata mimi nimemwona mzee siku hizi anaburuta miguu. Nikasema ni viatu. Mpelekeni hospitali, mimi nabaki hapa. Tutagombana mkirudi."

Daktari alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza na asiyependa kuzunguka. Alisikiliza habari ya vikombe, ya kulia na ya miguu, akampima babu presha, akakunja uso, akapima tena. Akamwambia achore saa. Babu akachora duara zuri kabisa, kisha namba zote akazirundika upande mmoja. Daktari akaagiza kichwa kipigwe picha. Picha ilipotoka, aliibandika kwenye kioo chenye taa, akawaita wote watatu.

Kiherehere hakusubiri. "Daktari, nimemharibu mimi? Kwa kumfanyia kazi yake?"

"Hapana. Njoo hapa." Daktari akachuma jani kwenye ua la chungu lililokuwa dirishani. Katikati lilikuwa kijani, kingo zake zimekauka. "Huu mshipa mkubwa wa katikati unapitisha maji vizuri. Hivi vidogo vya pembeni vimeshindwa, ndiyo maana pembeni pamekauka. Ubongo wa babu yako umepatwa na jambo kama hilo. Ubongo hauweki akiba. Hewa na chakula chake vinaletwa na damu muda wote. Sehemu ikikosa damu, inakufa."

"Na damu imekosekana kwa nini?" baba mdogo akauliza.

"Presha. Ikikaa juu miaka na miaka, inaipiga mishipa midogo kwa ndani. Kuta zinakuwa nene na ngumu, njia inabana, mwisho inaziba. Mnaona haya madoa? Kila mahali hapa damu haikufika sawasawa. Mengine ni viharusi vidogo, vimepita bila mtu kujua. Na madoa yamekata nyuzi zinazoiunganisha sehemu ya mbele, ile inayopanga kazi ipi ianze na ipi ifuate. Ya zamani anayakumbuka. Mpangilio ndio unaomkimbia. Hata kulia kirahisi na kuburuta miguu vinatoka hapohapo. Mzee, dawa za presha hukupewa?"

Babu akatazama viatu vyake. "Nilipewa. Nikajisikia mzima, nikaacha."

"Presha haiumi. Ungeumwa, usingeacha."

"Kwa hiyo kichwa changu kimekauka."

"Kingo tu, mzee."

Babu akacheka, na wengine wakapata pumzi.

"Sikudanganyi," daktari akaendelea. "Palipokufa hapafufuki. Ugonjwa huu mtu anashuka kama anashuka ngazi, anakaa kidato kimoja muda, halafu ghafla cha chini yake. Lakini ukinywa dawa kila siku, ukatembea, ukapunguza chumvi, kidato kinachofuata tunaweza kukisogeza mbali sana. Mmewahi." Akamgeukia Kiherehere. "Ungeendelea na vikombe vyako, wangeniletea babu yako amebebwa."

"Sasa tumkalishe nyumbani?" baba mdogo akauliza. Babu alishika kingo za kiti.

"Kwani mikono ina ugonjwa? Kupima na kuchanganya afanye mwingine. Yeye mpeni kazi ya mikono."

Baba mdogo alishusha pumzi ndefu mpaka mabega yakalegea. Babu akaachia kiti.

Walivyorudi kiwandani, baba mdogo alikwenda moja kwa moja chumba cha tanuri. "Nimekukosea, kaka. Nisamehe."

"Sema kwa nguvu, huku kuna kelele za moto," Ngongoti akasema, na moto wenyewe ulikuwa haujawashwa. Akakubali kazi ya kupima pia, baada ya kuongezewa mshahara. Babu akapewa meza ya kuviringisha mikate, na hakuna aliyemfikia kwa kasi.

Jioni moja babu na mjukuu wake walikuwa uani wananawa unga.

"Kosa lilikuwa langu," babu akasema. "Nilikubebesha siri yangu. Ngongoti akaponea chupuchupu, na mimi pia. Nikikuomba tena unifichie ugonjwa, kataa. Nikinuna, niache ninune. Bora tugombane nikiwa mzima. Na si mimi tu. Mtu yeyote akiwa mgonjwa, mpeleke kwa wenye kujua, hata akikuchukia kidogo."

"Nimesikia, babu. Dawa ya leo umekunywa?"

"Nimekunywa."

Kiherehere alimtazama usoni, hakuondoa macho.

"Sijanywa," babu akasema. Akasonya, akageuka, akaenda ndani kuinywa.