Muuguzi Aliyefichwa Nyumbani

Mbodze alikuwa amekwisha kufika kwenye njia kuu, sanduku kichwani. Mama yake, Jumwa, alikuwa akimsindikiza. Safari ni ya Diani, kufagia vyumba vya hoteli. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru.

Mbodze alikuwa amesomea uuguzi, akafaulu, akarudi kwao Mkongani kungoja kuitwa kazini. Amengoja miezi minane. Wenzake wote wameitwa, yeye kimya. Hakuelewa. Je, jina lake lilipotea? Ama cheti chake si halali?

Wakakutana na Munee, mhudumu wa zahanati, mtu wa bara aliyehamia pale na mumewe.

"Shikamoo, mama Munee."

"Marahaba. Sanduku hilo, waolewa bila ngoma?"

"Naenda kufagia hoteli."

"Wewe? Si u muuguzi?"

Jumwa akaruka. "Nani kakwambia? Huyu alikuwa kwa shangazi yake, Mombasa."

"Shangazi gani afundishaye kufunga bendeji vile? Juzi alinifunga mguu, nikaijua mikono ya hospitali. Kumbe wewe ndiwe yule Mbodze binti Rai! Ofisi ya afya Kwale yakutafuta, hata zahanati tumeulizwa jina hilo. Barua ilikwenda kwa chifu, na mjumbe wake amekuja kwenu mara mbili."

Mbodze akatua sanduku. "Mama, alikuja mtu?"

"Alikuja, wewe uko kisimani. Nikamwambia hapa hakuna muuguzi." Jumwa akatazama chini. "Jambo jema halitangazwi likiwa bichi. Watu wana husuda, mwanangu. Nilitaka wajue ukishaanza kazi."

"Na kazi nitaianzaje, mama, nikiwa sipo?"



Munee akasema, "Dawa ya husuda siijui. Ila ofisi haioni cheti kilichofungiwa kashani. Mbodze, Baraza la Wauguzi umejiandikisha?"

"Ndiyo, namba ninayo."

"Vyema. Basi usikae kungoja. Nenda ofisini ukaulize, uache anwani ya mtu atakayekufikishia barua. Tena serikali si mlango mmoja tu. Zahanati za misheni zaajiri. Kliniki za mama na watoto zaajiri. Ukishafanya kazi kidogo, waweza kurudi kusomea ukunga."

"Nafasi yangu bado ipo?"

"Ipo, ila mwisho wa kuripoti ni Ijumaa. Leo Jumatano."

Jumwa akaketi juu ya sanduku. "Basi mchawi wa mwanangu ni mimi."

"Inuka, mchawi, mkatoe cheti."

Alhamisi asubuhi wakawa Kwale. Karani akasoma jina, akakuna kichwa. "Huyu si tuliambiwa hayuko?"

"Yuko," akasema Jumwa, sauti juu, watu wote wa foleni wakasikia. "Mimi ndimi niliyemficha. Ni muuguzi. Ni binti yangu."

Mbodze alipewa kazi hospitali ya Msambweni. Baada ya miaka minne alisomea ukunga. Munee alibaki zahanati mpaka alipostaafu. Jumwa alizeeka Mkongani, na bado aliogopa husuda. Kule hotelini walimngoja Mbodze siku mbili, kisha wakamwandika kazi mtu mwingine.