Dole Gumba Kwenye Stempu za Urusi

Aliyenisimulia haya ni binti wa mzee mwenyewe, na yule dada si mtu wa porojo.

Baba yake alikuwa mkaguzi wa stempu. Asubuhi hiyo, kama kawaida yake, alivuta kiti dirishani, akaweka lenzi jichoni, akafungua albamu ya stempu kuukuu za Urusi, za buluu. Kazi yake ilikuwa kutenganisha kosa la uchapaji na jeraha. Kosa la uchapaji hujirudia stempu hadi stempu, mahali palepale. Jeraha huja mara moja tu, na huacha nyuzi za karatasi zimesimama.

Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Miaka thelathini mkewe alikaa hapo akibandua stempu kwenye bahasha. Wiki mbili nyuma alijisahau akailowesha moja ya zile za Urusi, ambazo hazitiwi maji kwa kuwa zimechapwa kwenye karatasi iliyopakwa chaki. Akaipitishia dole gumba lake lenye kovu la kisu, rangi yote ikaondoka.

"Umri wote huo na kazi bado huijui!" mzee alimfokea, kisha akamnunia siku tatu. Siku ya nne mama wa watu hakuamka. Samahani ya mzee ikabaki imemkwama kooni.

Sasa kwenye stempu ya kwanza aliona doa jeupe la mviringo. Akainamisha taa. Karatasi ilikuwa laini. Akatazama ya pili, doa palepale. Ya tatu, palepale.

Kosa la uchapaji, akajiambia. Lakini albamu hiyo aliijua kama kiganja chake, na jana haikuwa na doa lolote. Akasogeza lenzi. Ndani ya doa mlikuwa na mistari ya kidole, imekatizwa na kovu la kisu.

Kovu hilo alilijua.

Akaligusa kwa kibano. Lilikuwa bado bichi.

Stempu ya nne ilikuwa bado nzima. Akaikodolea macho. Rangi ikaanza kuondoka, taratibu, kutoka pembeni.

Kiti cha pili kikalia kama kimekaliwa.

"Mama watoto," akanong'ona. "Ni wewe?"

Hakuthubutu kugeuka. Machozi yakamshuka, na hakuyafuta.

"Zifute zote, sizitaki. Nisamehe tu, mke wangu."

Binti alipoingia na chai alimkuta amekaa vilevile. Stempu zote zilikuwa nyeupe pe. Mikono ya mzee ilikuwa safi, kibano bado kimo vidoleni.

"Baba, una nini shavuni?"

Chini ya jicho, pale machozi yalipopita, palikuwa na alama ya dole gumba ya wino wa buluu, kama ya mtu aliyemfuta machozi. Kovu lilikatiza katikati.

Binti akachukua kitambaa. Mzee akamshika mkono.

"Iache, mwanangu," akasema. "Nilikuwa naingoja."