Hodi ya Shimoni

"Mama, unamkaribisha nani?"

Wanza, kijana wa kuchimba shimo la uani, ndiye aliyeuliza. Alikuwa kwenye mlango wa mbele, chupa ya chai mkononi, vumbi la kuchimba hadi kwenye kope. Bi Mwanakuu aliacha kumenya. Alikuwa ameinamia karai la viazi, na punde tu alikuwa amesikia hodi ikitoka shimoni, kule uani, akaitikia "karibu" kama alivyozoea kila Wanza akipanda ngazi. Sasa Wanza huyu hapa, anatoka njiani. Na shimoni hakuacha mtu.

Mahira, bintiye, aliinua macho kitabuni. Wote watatu wakaitazama ngazi. Ilikuwa ikitikisika.

Nyumba yao ya Kibokoni haikuwa yao tena tangu fundi wa choo alipotoboa sakafu ya uani akakuta paa la nyumba nyengine. Chini yake mlikuwa na njia nzima, baraza zake, kuta za mawe ya matumbawe, na mlango wa nakshi uliofungwa. Dakta Nicodemus, mtaalamu wa mambo ya kale, alikuja na kamera zake na vijana wa kuchimba, akauita "mji wetu uliopotea". Wetu! Vumbi lake alilifagia nani? Chakula cha vijana wake alikipika nani?

Tangu kuitikiwa ile "karibu", nyumba ikaanza kunuka chokaa mbichi na udi uliooza. Bi Mwanakuu akawa anapakua sahani nyingi kuliko watu.

"Mamangu, hizi za nani?"

"Za wageni," alinong'ona. "Mgeni ameshaingia, nimwambieje?"

Mahira alitaka kucheka, lakini sahani zilirudi tupu, zina unga mweupe wa chokaa ukingoni, na kila jua lilipoinama alisikia nyayo zikipanda ngazi, zikipita ukumbini mbele yake bila mwili, zikivuta miguu kama za watu waliotembea sana, zikikohoa, zikikaa, mpaka mikeka ikabonyea na mamake akazunguka baina yao na birika la kahawa, kakonda, kainama, hana hata nguvu ya kuogopa.

Mahira akamwendea Dakta. "Fukieni shimo."

"Binti, elimu haifukiwi."

"Na mamangu je? Yeye ndiye wa kufukiwa?"

"Chuoni siku hizi mnafundishwa midahalo tu," akasema Dakta, akateremka kupima ule mlango wa nakshi. Alipanda uso umekuwa kijivu. Mlango ulikuwa wazi. Akakusanya kamera zake akaenda zake, kwaheri hakuaga.

Ndipo akaitwa Ustadh Abdulbasit. Alisimama uani, akanusa, akashusha sauti.

"Haya ni majini yaliyohamia mji ulipohamwa. Hayakuvunja mlango, Bi Mwanakuu. Yaliomba ruhusa yakapewa. Mimi nitasoma, lakini uliyekaribisha ndiwe wa kusindikiza."

"Nimechoka, Ustadh. Miguu hainichukui."

"Ni hadi mlangoni pao tu. Watakapokukaribisha, usijibu. Hata neno."

Basi akateremka, huku kisomo kikimfuata na nyayo zikishuka pamoja naye, umati wa nyayo, ngazi ikilia, na Mahira juu ameshika ncha ya leso aliyomfunga mamake kiunoni, akihesabu pumzi zake mwenyewe asizisikie zile nyengine. Mlango ukalia chini. Kisha sauti, ya upole kabisa, sauti ya jirani:

"Nawe tukaribie, Mwanakuu."

Mahira akavuta leso. Lakini mamake hajapata kumkatalia mtu mlangoni pake, umri wake wote.

"Inshallah," akasema, kwa uchovu. "Nitakuja."

Kisomo cha Ustadh kikakatika katikati ya aya.

Walimpandisha. Shimo likafukiwa, sakafu ikapigwa simiti. Harufu ilikwisha, nyayo zilikwisha. Bi Mwanakuu anakula, analala, anamjua bintiye. Lakini mtu akibisha tu mlango wa mbele, hata muuza maziwa, huinuka, akavaa buibui lake, akaenda uani. "Wamekuja kunichukua," husema, akapiga magoti akaikwaruza simiti kwa kucha, na Mahira humshika kiuno hadi alegee, naye mwenyewe keshachoka, na Dakta hapokei simu.

Kwa hivyo wewe, ukipita Kibokoni ukaijua nyumba hiyo, tafadhali usipige hodi. Mwite Mahira kwa jina lake, atakufungulia.