Kamba ya Nguo Iliyokaza

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kijiti kimelala chini.

Kilikuwa kijiti chenye panda, kirefu kunizidi, tulichokitumia kuinua kamba ya nguo. Kamba yetu ya katani ilikuwa imelegea tangu zamani, na bila kijiti kile shuka zingeburuta kwenye majani. Mama alikuwa amekwenda Mfaranyaki, Songea mjini, kwa dada yake aliyejifungua, kwa hiyo kufua ilikuwa kazi yangu nikitoka shule. Siku ile nilipandisha beseni malishoni, nyuma ya nyumba, ambako upepo hupita. Nikakiokota kijiti nikisimamishe. Panda haikuifikia kamba. Kamba ilikuwa imepanda juu, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Nilianika nguo, lakini kila mara niligeuka kuitazama.

Kwetu ni kwenye vilima vya baridi, ng'ambo ya Madaba ukitokea Songea mjini. Mwezi wa Juni upepo hupenya hata kwenye tundu la funguo. Bibi Lidwina, mama yake baba, hukohoa msimu wote wa baridi. Ndiyo maana kiangazi kilichopita baba aliamua kumjengea chumba ndani ya kilima.

"Tukichonga mlima, tukamweka Bibi humo," alisema, "upepo utampita juu ya kichwa asiujue."

Kabla ya hapo afisa mifugo, Bi. Zuhra, alikuwa amekuja kuangalia malisho yetu. Alichimba shimo hadi kiunoni asikutane na jiwe hata moja.

"Bwana Amedeus, una bahati," alimwambia baba. "Huu mweusi wa juu ni majani yaliyooza miaka na miaka. Baridi huyaozesha polepole, ndiyo maana umekuwa mnene hivi. Chini ni mwekundu, laini, unakwenda kina kirefu. Mvua ikinyesha maji hayatuami, udongo unayanywa yote. Ng'ombe wako hawatakosa majani."

Baba alibaki na neno moja tu: maji hayatuami. Kila aliyepita na kuuliza kama kuchonga kilima si hatari, alijibiwa hivyo. "Udongo huu hautuamishi maji. Afisa mwenyewe kasema." Jembe liliingia kama mwiko kwenye ugali. Walikata ukuta wa udongo uliosimama wima, mrefu kuliko watu wawili. Chini yake wakajenga chumba cha Bibi. Nguzo moja ya kamba ya nguo ikabaki juu, karibu kabisa na ukingo. Upande wa pili kamba ilifungwa kwenye mlingoti, mkaratusi mrefu, juu zaidi ya kilima.

Jioni ile tulikaa jikoni tukiota moto. Nilisubiri hadi baba alipomaliza kula.

"Baba, kamba ya nguo imekaza."

"Jamani, bubu kasema!" Kaka yangu Urban alipiga makofi. "Na alichosema ni kamba!"

Baba alicheka, si kwa ubaya. "Kamba ya katani ikilowa hujivuta, mwanangu. Mvua hizi."

Bibi naye akacheka mpaka akakohoa. Nikainamisha kichwa. Mimi ni mtu ambaye maneno yakichekwa mara moja, hayatoki tena upesi.

Lakini Alhamisi jua liliwaka tangu asubuhi. Jioni niliishika kamba. Ilikuwa kavu kabisa, na bado imekaza. Nilipoigusa kwa kidole ilitoa mlio mwembamba, kama wa nyuki aliyefungiwa. Nikaifuata kuelekea kwenye mlingoti, mkono mmoja juu yake. Katikati, mguu wangu ukazama.

Nilipiga magoti nikayafunua majani. Ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulipinda kushoto na kulia, ukafuata ukingo wote nyuma ya chumba kipya. Ndani yake mizizi ya majani ilikuwa imenyooshwa kutoka upande huu hadi ule, na mingine imekatika. Nilimimina humo maji yaliyobaki kwenye beseni. Yaliingia yote. Nilitega sikio niyasikie yakifika chini. Sikusikia kitu.

Nilishuka mbio. Baba alikuwa juu ya ngazi akipigilia mlango wa Bibi.

"Baba, kamba imekauka na bado imekaza. Na ardhi imepasuka huko juu."

"Fuko hao," alisema, misumari mdomoni. "Wamechimba kilima kizima. Mwambie Urban akatege, tupate kitoweo."

"Baba, si..."

"Epifania! Bibi yako anahamia Jumamosi. Usitutie mkosi kwenye nyumba mpya."

Nikarudi juu kuchukua beseni.

Ijumaa mvua ilinyesha kutwa. Hakukuwa na dimbwi hata moja kwenye malisho. Zamani ningefurahi, kwa sababu sikupenda matope. Siku ile nilitazama maji yakipotea ndani ya majani, nikajiuliza yanakwenda wapi.

Jumamosi Bibi alihamia. Alitundika rozari yake ukutani, akakaa kitandani, akapapasa godoro.

"Mke mwenzangu, njoo uone," aliniita. "Hakuna upepo. Nitalala kama mtoto."

Nilisimama mlangoni. Ukuta wa nyuma ulikuwa na unyevu, na mlango ambao juzi ulifungika vizuri sasa ulikwaruza sakafu. Nje manyunyu yalikuwa yanaanza tena.

Ndipo nikasikia mlio juu ya kilima. Paa! Kama fimbo ya mchungaji.

Nilijua ni kamba: nguzo ya ukingoni imeivuta hadi ikakatika. Nilifungua mdomo niseme, na maneno hayakuja. Nikaona vicheko vya jikoni, nikaona baba na misumari yake. Basi mikono ilifanya kazi ya mdomo. Nilimwinua Bibi kwa upole akasimama, nikalivuta godoro, nikajitwika kichwani pamoja na blanketi zake, nikatoka.

"We! Unapeleka wapi godoro langu?"

Nilivuka uwanja nikielekea nyumba ya zamani. Bibi alinifuata na bakora yake, akilalamika kila hatua.

"Amedeus! Amedeus! Njoo umwone mtoto wako, ananihamisha kabla sijalala!"

Baba alitoka zizini. "Epifania, umerukwa na akili? Rudisha godoro la Bibi." Niliendelea kutembea. Hakuwahi kuniona nikimkaidi, labda ndiyo maana alikuja nyuma yangu badala ya kuingia chumbani kuangalia kuna nini. Alinishika bega tukiwa kizingitini.

Nyuma yetu kikatokea kishindo kizito, cha chini, kama gunia la mahindi linaloburutwa na watu wengi. Tuligeuka. Kilima kilikuwa kinashuka. Majani yalikuwa bado yamesimama juu yake, mabichi, na nguzo ya kamba ilikuja nayo ikiwa wima hadi juu ya bati. Kisha bati likakunjika na ukuta ukaingia ndani.

Ilisikika mvua tu. Bibi alitafuta rozari shingoni kwake, akakumbuka ilikokuwa, akakaa chini kwenye tope.

Bi. Zuhra alifika Jumatatu. Baba alimwamkia kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Mama, ulinisifia udongo huu."

"Niliusifia kwa majani," alijibu. "Nilikuambia unakunywa maji, wala hukuniuliza yanakwenda wapi. Yanakwenda chini, Bwana Amedeus. Udongo wenye kina kama huu hujaa ndani huku juu ukiwa mkavu, na uzito wake wote huegemea miguu yake. Ninyi mkaikata miguu." Alituonyesha tulaze mteremko, tupande mabingobingo, majani marefu yanayoshika udongo, tuchimbe mtaro wa kupitisha maji kando, na chumba cha Bibi tukijenge mbele, penye tambarare, kwa ukuta mnene. "Upepo huzuiwa kwa miti. Hauzuiwi kwa kumlaza mtu kaburini kabla ya siku zake."

Tulifanya hivyo. Kabla ya Juni Bibi alikuwa na chumba kingine, na safu ya miche ya milingoti upande wa upepo.

Jioni alipohamia tulikaa jikoni wote, na mama amerudi. Baba aliongea taratibu, akitutazama mimi na Urban. "Jambo hili limenifundisha. Kitu kikisifiwa, uliza kinasifiwa kwa kazi gani. Na ninyi watoto, mkiona hatari, msinyamaze. Mtoto akiona aseme."

Urban aliitikia. Mama aliitikia. Wote wakanigeukia, wakingoja niitikie kwa kichwa kama kawaida yangu.

Nilimtazama baba.

"Nilisema, Baba," nikasema. "Mara mbili."