Mkebe wa Vijiwe Vyeupe

Mwaka ule wa mvua ya Elnino, mto Tana ulipofura na barabara ya Dadaab ikawa tope tupu, Garissa nzima ilijikuta imefungiwa kama mbuzi zizini. Wa kwenda hawakwenda, wa kurudi hawakurudi. Miongoni mwa waliokwama alikuwemo Abdikafi, mkalimani wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, aliyekuja mjini kwa mapumziko mafupi akaambiwa na mvua akae.

Alikutana na Hinda katika Soko Mugdi, mvua ikipiga mabati mpaka watu wakawa wanaongea kwa mikono. Abdikafi alikuwa amekumbatia boksi kifuani. Akajitosa katika kibanda cha kwanza alichokiona, kibanda cha vitambaa, akateleza mlangoni, boksi likafunguka, na dadu za rangi rangi zikamwagika juu ya madiraa yaliyokunjwa. Msichana aliyeuza pale, mwenye shuka la rangi ya machungwa lililong'aa hata katika giza la soko lile, akaokota dadu moja yenye pande nyingi kuliko zote alizowahi kuziona.

"Kamari hii," akasema. "Na uso wako nilidhani ni wa mtu wa swala."

"Si kamari. Ni hadithi."

"Hadithi gani inataka dadu?"

Ikabidi aeleze. Boksi aliachiwa na mhandisi wa visima, mzungu aliyemaliza mkataba wake Ifo akarudi kwao. Ndani mlikuwa na kitabu cha mchezo. Mmoja anakuwa msimulizi, na wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya hadithi: mwizi, mchawi, mpiga mishale. Msimulizi anawaambia mmefika wapi na mnaona nini, kisha anauliza, unafanya nini? Utakavyojibu, ndivyo hadithi itakavyokwenda. Dadu kazi yake ni kusema tu kama jambo gumu ulilojaribu limefaulu.

Hinda alimtazama, maji yakimchuruzika puani. "Haya, msimulizi. Mvua inanyesha, mwanamume ameingia dukani kwangu bila salamu, amenilowanishia mali."

"Unafanya nini?"

"Namuuzia taulo. Bei mara mbili."

Abdikafi akanunua lile taulo. Alimpenda pale pale, wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Kiswahili cha Hinda kilikuwa laini, cha Kismayu, alikokulia kabla vita havijawatoa. Yeye na mama yake walikuwa wameandikishwa Ifo, ila mama macho yalikuwa yakimwishia, ndiyo maana walikuwa Garissa kwa mama mdogo, wakitafuta daktari na kungoja mahojiano ya kwenda Amerika. Abdikafi aliyajua mahojiano hayo vizuri kuliko alivyotaka. Yeye ndiye aliyekaa kati ya afisa na mkimbizi, akilibeba neno la huyu kumpelekea yule.

Mchezo ukaanzia barazani kwa mama mdogo, kila baada ya alasiri. Mama mdogo alikuwa na sharti moja: dadu zisiingie nyumbani kwake, zikae huko huko boksini na shetani wake. Hinda ndiye aliyepata njia. Aliokota vijiwe kando ya mto, vyeupe na vyeusi, sawa kwa sawa, akavitia katika mkebe mtupu wa mafuta ya Kimbo. Unataka kuruka shimo? Tia mkono bila kutazama. Cheupe, umeruka. Cheusi, umo shimoni.

Wachezaji wengine walikuwa wawili. Mutiso, mwalimu wa hesabu kutoka Machakos, shule yake imejaa maji, akawa mwizi wa kuvunja kufuli. Bishara, binamu yake Hinda, alitumwa kuwachunga wasifanye upuuzi, na kabla wiki haijaisha yeye ndiye aliyekuwa akiwahimiza waanze. "Mimi ni tajiri ya ngamia," alitangaza. "Siingii pango ya joka bila ngamia yangu." Wakamwachia ngamia wake.

Na hadithi kweli ikaenda walikoipeleka. Abdikafi alipanga joka liwameze wanyang'anyi, Mutiso akamsamehe mnyang'anyi mmoja na kumlisha, basi siku nyingine huyo huyo ndiye aliyewafungulia lango la mji. Bishara akawapa maji ya ngamia wake wanakijiji wasiomhusu, na kijiji kizima kikawafuata nyuma kama jeshi. Kila jioni Abdikafi alitupa alichopanga, akaanza upya, na alikuwa na raha ambayo hakuwahi kuijua.

Lakini Hinda. Mpiga mishale wake hakutaka joka wala hazina. Alitaka kuvuka daraja bovu arudi katika mji ulioachwa vitani. "Kuna waliobaki," alisema. "Narudi kuwachukua." Kila mmoja barazani alijua kuhusu Keynan, kaka yake, aliyeshuka kwenye lori njiani kutoka Kismayu kutafuta maji, na lori likaondoka.

Abdikafi aliushika mkebe. Akaukoroga, na katika kuukoroga akavifumbata vijiwe vyeusi kiganjani. Hinda akatia mkono, akatoa cheupe. Akavuka. Akatia tena, cheupe. Akawakuta waliobaki, akawatoa mmoja mmoja, wa mwisho akiwa kijana mwenye kiu. Alipomfikisha ng'ambo, Hinda alijifunika uso kwa shuka lake la machungwa akalia, na Bishara naye akalia, na Mutiso akaangalia mvua.

Kumbe hiyo haikuwa mara ya kwanza. Tangu mwanzo, zamu ya Hinda ikifika, Abdikafi aliondoa vyeusi. Hakuweza kumwona akishindwa. Ndiyo mapenzi, jamani, mtu akipenda hujipa kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na Hinda hakuwa mjinga.

"Mbona mimi sitoi cheusi?" aliuliza siku moja, mkebe uko tayari mbele yake.

"Una bahati, macaanto, mpenzi wangu."

"Mimi? Bahati?" Akaupindua mkebe mkekani. Vikamwagika vyeupe vitupu. Akamshika mkono, akamfungua vidole kimoja kimoja, na vyeusi vikaanguka.

Abdikafi alisema alikuwa akimwonea huruma, na hilo lilikuwa neno baya kuliko yote aliyoweza kuyachagua.

"Nililia kwa furaha," Hinda akasema, sauti chini. "Nikijua ni mchezo. Lakini nilisema, walau mahali pamoja nilirudi, nikajaribu, nikaweza. Kumbe sikujaribu kitu. Lori lilinichukua, kambi ikanipokea, leo na wewe umenivusha. Bora ningeanguka na lile daraja." Akasimama. "Na ni wewe utakayekaa kati yangu na yule afisa. Huko utaficha nini kiganjani?"

Swali hilo likamtisha Abdikafi. Kwa sababu alikwisha kuwaza, usiku usingizi ukimkataa, jinsi ilivyo rahisi. Neno moja likilegezwa, tarehe moja ikisikika vibaya, na Hinda hasafiri. Anabaki.

Maji yalipopungua, Hinda na mama yake wakapanda lori la kwanza kurudi Ifo kungoja siku yao. Hakuaga.

Garissa ikawa chungu. Mutiso alirudi darasani, Bishara akawa akipita bila salamu. Abdikafi alizunguka na maneno yake mpaka yakamshinda, akaenda kwa Nunow, mwenye taar, ile redio ya upepo ambayo watu walizungumzia na jamaa zao kambini. Taar haina siri. Ukisema Garissa, anasikia wa Ifo, wa Kutulo, na yeyote aliyefungua mtambo wake. Alijua hivyo, na akaketi. Baada ya kungoja kwingi akasikia sauti ya Hinda ikikwaruza.

"Nakusikia. Sema. Over."

"Nilikosea. Nilikuogopea, nikakunyang'anya zamu yako. Over."

Upepo, mtu mmoja wa mbali akikohoa.

"Na afisa? Over."

"Nitatafsiri neno kwa neno, hata likiniumiza. Tena kuna jambo nataka ulijue kabla ya siku hiyo. Ukitaka kubaki, natuma wazee kwa mama yako kesho. Ukitaka kwenda, nitalifikisha hilo hilo. Mkebe nimekuachia wewe. Unafanya nini, Hinda? Over."

Nunow alikuwa ameinamisha kichwa. Redio ilikwaruza muda mrefu.

"Nimesikia," akasema Hinda. "Over na nje."



Siku ya mahojiano huko Ifo, Abdikafi akiwa amerudi kazini, jua lilikuwa limerudi kwa hasira, na chumba cha mabati kilichemka. Hinda aliingia akimshika mama yake mkono, amevaa lile shuka la machungwa. Alikaa mbele ya Abdikafi, naye Abdikafi akamwamkia kama anavyowaamkia wote. Afisa, mwanamke mwenye miwani, aliuliza, naye akabeba. Kismayu, lori, Keynan, macho ya mama. Kila tarehe aliifikisha ilivyo. Jasho lilimlowesha shati mgongoni.

Kisha afisa akauliza kama Hinda ana mume au mchumba hapa Kenya, mtu yeyote ambaye kwa ajili yake angependa kubaki. Abdikafi akaligeuza swali kwa Kisomali. Sauti ilimtoka nzima, Mungu anajua vipi. Akamaliza, akangoja.

Hinda hakumtazama afisa. Alimtazama yeye, akajibu taratibu, na mama yake akageuza uso wake usioona kuelekea sauti ile.

Mkalimani husema "mimi" anapombebea mtu neno lake. Ndiyo kanuni ya kazi. Abdikafi akamgeukia afisa.

"Yupo mtu," akasema. "Ninampenda. Lakini mama yangu haoni, na sitamwacha mtu mwingine njiani. Nachagua kwenda."

Kalamu ya afisa ikasimama. Akavua miwani, akauliza jambo ambalo halikuwa kazi yake, kwa sauti ya mwanamke tu. Abdikafi akalibeba nalo.

"Anauliza, mtu huyo anajua?"

"Anajua," akasema Hinda, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika.

"Anajua," Abdikafi akamwambia afisa.

Afisa akavaa miwani, akaendelea na swali lililofuata, naye akalitafsiri, na lile jingine, mpaka yakaisha.