Uzi Mbele ya Kioo

"Hivi, mtu anayeanguka hajui kwamba anaanguka?"

Jirani yetu Mek Yam aliniuliza hivyo asubuhi moja, bakuli la uji aliotuletea bado mkononi. Nami nilikuwa nikijiuliza hilohilo tangu kaka yangu Deraman arudi kutoka hospitali.

Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono na mguu wa kushoto. Hilo tulilielewa. Ajabu ni kwamba kila tulipomketisha kitandani, alijisukuma kwa mkono wake mzima wa kulia, akaelemea upande ule mbovu. Tukimrudisha katikati, anapiga kelele: "Mnaniangusha! Niacheni, nimekaa sawa!" Kadiri tulivyomvuta, ndivyo alivyozidi kusukuma.

Binti Salbiah, mtaalamu wa mazoezi wa zahanati, alitutuliza. "Msishindane naye. Ubongo wake unamwambia kwamba kombo ndiyo wima. Ila macho yake ni mazima. Akielemea, mwambieni ukweli, atazame, ajirudishe mwenyewe."

Kazi ya kumwambia alipewa Melur, mjukuu wa Deraman wa miaka kumi na mmoja, tunayeishi naye. Kila alipotoka shule aliacha viatu chini ya ngazi, akala wali wake upesi, akaketi upande wa kulia wa babu yake. Hatukuwa na muda wa kupoteza. Azhari, mwana wa Deraman na baba mkubwa wa Melur, alikuwa amepiga simu kutoka Kuala Lumpur: "Ijumaa nakuja. Kama Baba hawezi kuketi peke yake, namchukua akae huku kwangu, ghorofa ya kumi na mbili."

"Mimi fundi wa tiara!" Deraman akafoka. "Huko tiara nitairushia dirishani?"

Siku ya kwanza Melur alisema, "Babu, umeelemea kushoto."

"We mtoto! Nani kakufundisha kumkosoa mzee?"

Kwetu maneno hayo ni mazito. Melur akainamisha kichwa. Kesho yake babu alipouliza, "Niko sawa?" akajibu, "Sawa kabisa, Babu."

"Na sasa?"

"Sawa, Babu."

Pu! Nilipofika mbio kutoka jikoni, kaka yangu alikuwa sakafuni, paji la uso limevimba.

"Nilimdanganya, Bibi," Melur alilia. "Nilimwona anainama. Niliogopa atanikasirikia."

"Mwanangu, heshima haikutumi useme uongo. Muombe radhi, kisha utafute njia."

Aliomba radhi. Halafu akamwonyesha babu yake nguzo ya mlango. "Jilinganishe na ile, Babu."

"Ile? Mafuriko yaliisogeza zamani. Siiamini hata kidogo!"

Melur akaruka! Alichukua uzi wa tiara, akafunga mwishoni chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia mshipi wa kuvulia samaki, akautundika kwenye boriti mbele ya kitanda. Mimi nikaburuta kioo cha kabati nikakiweka nyuma ya uzi. Uzi ulicheza, ukatulia tuli.

"Na huu, Babu, umesogezwa na mafuriko?"

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu augue. Akafumba jicho moja, kama anavyopima bawa la tiara. Kiooni uzi ulishuka wima, na vifungo vya shati lake vilikuwa vimekwenda upande.

"Lo!" akasema. "Kumbe mwongo ni mwili wangu!"

Tangu hapo hakukuwa na ugomvi. Polepole alilisogelea bega la Melur, upande wa kulia, mpaka vifungo vikakutana na uzi. Wakahesabu. Kumi. Siku ya pili, thelathini. Alhamisi, hamsini! Mek Yam alisimama dirishani akishangilia kama yuko uwanja wa mpira.

Ijumaa Azhari akafika. Hata chai hakunywa. Alianza kutia mashati ya baba yake kwenye mfuko. "Usijitese, Baba. Twende."

"Kwanza ukae," Deraman akamwambia. "Melur, hesabu mpaka mia."

Melur akasogea kando kabisa. Ishirini... arobaini... sitini... Sitini na mbili! Hapo vifungo vikaanza kuuacha uzi. Melur aliona. Akisema, baba mkubwa atasikia. Akinyamaza...

"Babu, unaelemea kushoto!"

Azhari akaruka, mikono mbele.

"Usimguse!" nikapaza sauti.

Deraman akautazama uzi. Jasho likamtoka. Bega likarudi, kidogo, kidogo tena. Vifungo vikaingia mstarini.

"Sitini na tatu!" Melur akapiga kelele. "Sitini na nne!" Sote tukahesabu naye, na ilipotimia mia nikamshukuru Mungu kwa sauti, bila kujali nani ananisikia.

Kaka yangu akapumua. "Azhari, umeona? Huyu mtoto aliponiambia ya kunifurahisha, nilianguka. Aliponiambia ukweli, nimeketi. Melur, mkubwa akikosea, mwambie kwa adabu, lakini mwambie. Kunyamaza siyo heshima."

Azhari aliuangalia ule mfuko. Akatoa mashati moja moja, akayarudisha kwenye kabati. Akaubusu mkono wa baba yake, akachukua ufunguo wa gari, akarudi Kuala Lumpur peke yake.