Mpini wa Shoka la Emilian

Aliyepatwa na mambo haya namjua vizuri. Ni Emilian, rafiki yangu wa Kinyangiri, na hana kitu anachokipenda kama shoka lake la kurinia asali. Mpini umelika, umefanya kishimo pale gumba lake la kulia linapokaa.

Juzi alilisahau porini, chini ya mizinga. Mkewe Dorika akamwambia, "Si ulifuate kesho?" Wapi! Giza likiingia, akarudi peke yake.

Akiwa bado mbali akasikia ko, ko, ko. Mtu anakata mti. Akadhani ni baba yake mdogo, akamwamkia kwa sauti.

"Shikamoo, baba!"

Mlio ukakoma. Marahaba haikuja.

Shoka alilikuta pale pale alipoliacha, wala hapakuwa na kibanzi kibichi hata kimoja. Lakini mpini ulikuwa na joto la kiganja.

Jana alinionyesha. Upande wa pili wa mpini kuna kishimo kingine, laini, kama cha miaka mingi, cha gumba la kushoto.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nikacheka ili kumtoa hofu, nikaweka gumba langu humo.

Likaenea sawasawa.